Joseph Fourier, prefe mwenye alitafuta hesabu ya joto

Tarehe 21 Desemba 1807, wataalamu wa Institut ya Paris walisomewa maandishi ya mtu mwenye hakuwa mwalimu tena. Alikuwa kiongozi wa jimbo la milima, mbali na mji mkuu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kodi, barabara, askari wapya na mashauri ya vijiji. Jina lake ni Joseph Fourier. Maandishi yenyewe yalihusu namna joto linatembea ndani ya chuma, ndani ya udongo, ndani ya kitu chochote kigumu. Wakubwa wanne walipewa kazi ya kuyachunguza: Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix. Lagrange na Laplace ndio walikuwa majina makubwa kuliko yote ya hesabu katika Ufaransa, tena walikuwa wamemsomesha Fourier mwenyewe. Hawakuridhika. Maandishi hayakuchapishwa.

Kumbe ile njia ya hesabu yenye ilisimamishwa siku zile ndiyo leo inafanya kazi kila mahali penye kupimwa sauti, picha ao joto. Iko ndani ya simu na ndani ya redio. Iko hospitalini kwenye mashini ya skana, na kwenye vituo vyenye kuchunguza mitetemeko ya volkano. Mwenye njia hiyo alingoja miaka 15 mbele ya kuona kitabu chake kinatoka.

Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 huko Auxerre, mji mdogo ulio kusini-mashariki mwa Paris. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Alipofika miaka 9 mama yake alikufa, na baba naye akafuata muda mfupi nyuma. Yatima huyo aliwekwa katika shule ya mji yenye iliongozwa na watawa Wabenedikto, shule yenye ilitayarisha pia vijana kwa kazi ya jeshi. Miaka 13 ao 14 hivi hesabu zikamshika. Inasimuliwa kama aliokota vipande vya mishumaa vyenye wengine walitupa, ili asome usiku wakati wenzake wamelala.

Alipomaliza masomo aliomba kuingia jeshi la mizinga, kwa sababu kule ndiko mtu wa hesabu alipata nafasi. Wakamkatalia. Hakuwa mtoto wa ukoo wa kifahari, na inasimuliwa kama waziri alijibu kwamba mtoto wa fundi nguo hangeingia hata angekuwa na akili kama ya Newton. Basi kijana akaenda monasteri ya Saint-Benoît-sur-Loire, mwaka 1787, akaanza njia ya utawa. Lakini kule pia aliendelea kumuandikia mwalimu wake wa zamani juu ya hesabu, na mbele ya kuapa nadhiri mapinduzi ya 1789 yakafika. Akarudi Auxerre, akawa mwalimu katika shule ileile yenye ilimlea.

Mapinduzi yalimbeba na nusura yamuue. Fourier aliingia kamati ya mapinduzi ya mji wake, akiamini kama sasa mtoto wa fundi nguo anaweza kuwa mtu sawa na wengine. Kisha damu ikaanza kumwagika, na kutoka ndani ya kamati haikukuwa rahisi sawa na kuingia. Akiwa Orléans kwa kazi ya serikali, alitetea watu wenye wakubwa wa wakati ule walikuwa wamekwisha kuhukumu ndani ya roho zao. Mwezi wa Julai 1794 akafungwa, na wakati ule gereza lilikuwa jirani ya kisu cha gilotini. Tarehe 28 Julai kisu kilimwangukia Robespierre mwenyewe, na Fourier akatoka. Mwaka 1795 akafungwa tena, mara hii na maadui wa Robespierre, wenye walimhesabu kati ya watu wake. Upande mmoja ulimfunga kwa kuwa mpole mno, upande wa pili kwa kuwa mkali mno. Akaachiliwa tena.

Katikati ya vifungo vile viwili, mlango mkubwa ulifunguka. Serikali mpya ilianzisha huko Paris shule ya kutayarisha walimu, na wilaya yake ikamtuma. Ndipo alipokutana na Lagrange, Laplace na Monge wakisimama mbele ya ubao. Muda mfupi akawa msaidizi, kisha mwalimu wa École Polytechnique, shule ya mainjenia wa serikali, na mwaka 1797 akashika kiti chenye Lagrange alikuwa ameacha.

Hapo mtu angefikiri maisha yametulia. Lakini mwaka 1798 jenerali Bonaparte alipeleka jeshi kushambulia Misri, na pamoja na askari akachukua zaidi ya wataalamu 150: wahesabu, mainjenia, madaktari, wachoraji. Fourier alikuwa kati yao. Kule Cairo alikuwa katibu wa Institut d'Égypte, chombo chenye Wafaransa waliunda kwa kuchunguza inchi yenye walikuwa wanaikalia kwa nguvu. Wakaaji wa Cairo waliasi mwezi wa Oktoba 1798 na wakapigwa vibaya. Sayansi ile ilitembea nyuma ya mizinga, na haifai kusahau. Meli za Ufaransa zilikwisha kuharibiwa na Waingereza, njia ya kurudi ikafungwa, Bonaparte mwenyewe akatoroka 1799. Fourier alibaki mpaka 1801, akifanya kazi ya utawala na ya mapatano kuliko ya hesabu.

Aliporudi alitaka tu kusomesha. Bonaparte, mwenye sasa alishika serikali yote, akamuweka kuwa prefe wa Isère, na makao yake Grenoble, mwaka 1802. Huku Kongo neno prefe linafanya watu wafikiri mkuu wa masomo wa shule ya sekondari. Prefe wa Napoléon alikuwa kitu kingine: mkubwa wa jimbo, mwenye kuwekwa na mkuu wa inchi moja kwa moja, sawa vile gavana. Kukataa hakukuwa shauri la hekima.

Kati ya kazi zake zote za prefe, moja inastahili kusimuliwa polepole. Kaskazini-magharibi mwa Grenoble, karibu na mji wa Bourgoin, kulikuwa mabwawa makubwa yenye kufunika karibu kilometa za mraba 80. Maji yalilala, mbu wakazaa, na homa ilikamata watu kila mwaka. Zaidi ya miaka 100 wakubwa mbalimbali walikuwa wamejaribu kukausha mahali pale, bila kufika. Ugumu mkubwa haukukuwa maji. Ugumu ulikuwa watu. Vijiji karibu 40 vilikuwa na haki juu ya mabwawa yale: wengine walichunga ng'ombe pembeni, wengine walikata majani, na kila kijiji kiliogopa kama mifereji ingepeleka faida kwa jirani na hasara kwake. Fourier hakutuma askari. Inasimuliwa kama alizunguka kijiji kwa kijiji, akaketi mezani pa watu, akasikiliza ugomvi wa mipaka yenye hata wazee hawakujua vizuri ulianza lini, mpaka vijiji vyote vikakubali mapatano. Mifereji ikachimbwa, maji yakatoka, udongo ukawa mashamba. Pembeni ya hiyo alisimamia pia ujenzi wa barabara ya milima kutoka Grenoble kuelekea Turin, Italia.

Na katikati ya mashauri hayo, katika saa zenye biro iliachia, alitafuta hesabu ya joto.

Shika nondo ya chuma, weka ncha moja ndani ya moto. Nyuma ya muda ncha ingine nayo inachoma mkono. Kila fundi wa vyuma anajua hivyo. Swali la Fourier lilikuwa: mahali fulani pa nondo, dakika fulani, joto litakuwa kiasi gani? Si kwa kukisia. Kwa hesabu.

Alianza na sheria moja yenye inaonekana kwa macho. Joto linatoka penye moto zaidi na kwenda penye baridi zaidi, na tofauti ikiwa kubwa, mwendo nao unakuwa mkali. Kisha akakata ile nondo, katika mawazo tu, vipande vyembamba sana. Kila kipande kinapokea joto kwa jirani wa upande huu na kinatoa kwa jirani wa upande ule. Kikipokea kuliko kinavyotoa, kinazidi moto. Kikitoa kuliko kinavyopokea, kinapoa. Ni hesabu ya duka: yenye iliingia, toa yenye ilitoka, ndiyo yenye ilibaki. Kuandika hesabu hiyo kwa vipande vyote na kwa kila nukta ya wakati kulimpa mlinganyo mmoja mfupi. Wanafunzi wa fizikia na wa ujenzi wanaujua leo kwa jina la mlinganyo wa joto.

Angalia kitu chenye Fourier hakufanya. Wakati ule wataalamu walibishana sana juu ya asili ya joto. Wengine walisema ni kama maji fulani yasiyoonekana, yenye kupenya ndani ya vitu. Wengine walisema ni kutikisika kwa vipande vidogo vya kitu chenyewe. Fourier aliacha ubishi ule nje ya mlango. Kwake ilitosha kujua sheria ya mwendo wa joto na kupima, kwa kila aina ya kitu, ni vyepesi kiasi gani joto linapita. Shaba inapitisha sana, mti kidogo. Ukishapata kipimo hicho, mlinganyo unafanya kazi, joto liwe maji ama mtikisiko. Mainjenia wa leo wanajenga vielelezo vyao vya hesabu kwa namna hiyohiyo, na mwaka 1807 haikukuwa desturi. Laplace na wafuasi wake walitaka kuanzia kwa nguvu zenye kuvutana kati ya vipande vidogo, mmoja kwa mwingine.

Kuandika mlinganyo ni jambo moja, kuufungua ni lingine. Hapa ndipo Fourier alitoa kitu kipya. Alichukua wimbi la sinusi, lile laini lenye wanafunzi wa sekondari wanachora katika daftari: linapanda, linashuka, linapanda tena. Akaonyesha kama joto likiwa limepangwa juu ya nondo kwa umbo la wimbi lile, halitabadilisha umbo. Litapunguka tu, polepole, mpaka linyooke. Na mawimbi yenye kubanana yanafutika mbele ya yale mapana: ukipunguza urefu wa wimbi mara mbili, mwendo wa kupoa unazidi mara nne.

Lakini joto la nondo ya kweli halina umbo la wimbi moja. Huku chuma ni chekundu, katikati ni vuguvugu, kule ni baridi. Fourier akasema: umbo lolote, hata lenye kona, hata lenye kuruka kwa ghafla kutoka moto mpaka baridi, linaweza kuandikwa kuwa jumla ya mawimbi laini. Pengine mengi, pengine yasiyo na mwisho, lakini kila moja lina kiasi chake, na akatoa njia ya kutafuta kiasi kile. Unagawa umbo kwa mawimbi, unaachia kila wimbi lipoe peke yake, kisha unajumlisha tena. Jibu ndilo hilo.

Lagrange hakuweza kukubali. Vitu laini vikijumlishwa, kona itatoka wapi? Ubishi huo ulikuwa wa zamani. Tangu 1753 Daniel Bernoulli alisema kitu cha namna hiyo juu ya uzi wa gitaa na violini, kwamba mtikisiko wake ni jumla ya mawimbi rahisi. Euler na d'Alembert walikataa, na Lagrange akiwa kijana aliingia katika ubishi uleule. Nyuma ya miaka 50 anakuja prefe kutoka milimani, anarudisha neno lilelile, tena kwa upana zaidi.

Wote wawili walikuwa na haki kwa upande wao. Fourier hakukuwa na uthibitisho kamili, na wenye kumkosoa waliona penye pengo. Kuna mahali katika kazi yake anapita kwa mwendo wa haraka, sawa mtu mwenye anajua kama daraja litamshikilia juu amekwisha kulivuka. Na kweli alikuwa amelivuka. Kule Grenoble alitengeneza pete ya chuma yenye matundu ya kuwekea vipimajoto, akaichoma upande mmoja, akaiondoa motoni na kuangalia namna joto linajigawa kuzunguka pete. Hesabu yake ilisema mapema kama, nyuma ya muda mfupi, joto la pete lingebaki na umbo la wimbi moja tu, lile pana, kwa sababu mengine yamekwisha kufutika. Vipimajoto vikakubali.

Mlinganyo uleule ulieleza kitu chenye watu wa inchi za baridi walijua bila kuelewa. Ndani ya pishi refu chini ya nyumba, joto la mchana na baridi la usiku hazisikiki, na hata kiangazi kinafika kwa kuchelewa, miezi mingi nyuma ya kile cha juu. Mawimbi ya joto yanaingia ndani ya udongo kutoka juu. Wimbi la siku moja ni fupi, linakufa mapema, wimbi la mwaka ni refu, linashuka mbali. Kwa hesabu, lile la mwaka linafika chini karibu mara 19 kuliko la siku.

Institut ikatangaza shindano juu ya mwendo wa joto ndani ya vitu vigumu. Fourier akapeleka kazi yake, ikiwa imeongezwa, mwaka 1811, na mwanzo wa 1812 akapewa zawadi. Zawadi yenyewe ilikuja na neno chungu: waamuzi walisifu upya na uzito wa kazi, kisha wakaandika kama namna mwandishi anafika kwenye milinganyo yake, na hesabu za kuifungua, bado hazikukamilika wala kuwa kali inavyofaa. Walimpa feza bila kumchapisha. Kwa Fourier jambo hili liliuma sana, na barua zake za miaka ile zinaonyesha mtu mwenye anajitetea nukta kwa nukta.

Siasa ilimrudia mara ya mwisho mwaka 1815. Napoléon alitoroka kisiwa cha Elba na kuelekea Paris, njia ikipita Grenoble. Fourier, mwenye sasa alikuwa prefe wa mfalme, aliandikia wakaaji tangazo la kubaki na mfalme, kisha akatoka kwa mlango mmoja wa mji wakati mkubwa wake wa zamani anakaribia kwa mwingine. Napoléon alikasirika, kisha akamuweka prefe wa Lyon. Fourier aliacha kazi ile hata mbele ya Waterloo. Matokeo yake: mfalme aliporudi, alimuona mtu wa Napoléon, na watu wa Napoléon walimuona mtu wa mfalme. Akajikuta Paris, miaka 47, bila kazi.

Aliyemuokoa ni Chabrol, mwanafunzi wake wa zamani wa Polytechnique, sasa kiongozi wa jimbo la Seine. Alimpa usimamizi wa biro ya takwimu, na humo Fourier alitengeneza hesabu za wakaaji wa Paris, za uzazi na za vifo. Mwaka 1816 wenzake wa Académie des sciences walimchagua; mfalme Louis wa 18 akakataa jina lake. Mwaka 1817 wakamchagua tena, na mara hii mfalme akaachia. Mwaka 1822 akawa katibu wa kudumu wa upande wa hesabu, na mwaka uleule kitabu chake kikubwa juu ya nadharia ya joto kikatoka. Sasa mwenye kusimamia machapisho ya Académie alikuwa yeye. Akatoa maandishi yake ya zawadi ya 1811 kama yalivyokuwa, bila kubadilisha, ili watu waone mwenyewe alikuwa amefika wapi na lini.

Miaka ile nyumba yake ilikuwa mahali pa vijana wa hesabu. Alimsaidia Sophie Germain, mwanamke mwenye alikuwa amepata zawadi ya Académie mwaka 1816 kwa hesabu ya mtikisiko wa sahani za chuma, kupata kiti katika vikao vyenye wanawake hawakuingia kwa haki yao wenyewe. Alikaribisha pia kijana kutoka Ujerumani, Dirichlet. Ndiye mwenye alijaza pengo la Lagrange: mwaka 1829 Dirichlet alichapisha uthibitisho mkali wa kwanza wenye kuonyesha ni kwa masharti gani ile jumla ya mawimbi inafika kweli kwenye umbo lenye kutakiwa, kona na miruko ikiwemo. Lagrange alikuwa amekufa tangu 1813. Fourier alikuwa bado mzima.

Katika miaka hiyohiyo, 1824 na tena 1827, aligeuza hesabu ya joto kwa dunia nzima. Akauliza kwa nini dunia haina baridi kali kuliko ilivyo, kwa kuwa iko mbali namna ile na jua. Akafikiri kama hewa inaachia mwangaza wa jua upite kushuka, lakini inazuia lile joto lisiloonekana lenye dunia inarudisha juu. Alitaja sanduku la vioo la Mswisi de Saussure, lenye linapata moto sana likiwekwa juani. Aliongeza pia maelezo yenye hayakukuwa sahihi, akidhani anga lenyewe katikati ya sayari lina joto lake la kutosha. Lakini swali alilifungua vizuri, na wenye kuchunguza mabadiliko ya hali ya hewa wanamhesabu kati ya wa kwanza.

Tangu Misri mwili wake ulikuwa na taabu. Alisikia baridi siku zote, alivaa nguo nzito hata wakati wa jua, na vyumba vyake vilikuwa na moto wenye wageni hawakuvumilia. Miaka ya mwisho pumzi ilikuwa fupi. Inasimuliwa kama alijitengenezea aina ya sanduku lenye lilimshika wima, kichwa na mikono peke vikitoka nje, ili aweze kuandika. Mwanzo wa Mei 1830 alianguka kwenye ngazi, na tarehe 16 Mei akafa, miaka 62. Ndani ya nyumba yake kulikuwa maandishi yenye kijana Évariste Galois alikuwa amepeleka kwa shindano la Académie. Hayakupatikana tena. Mtu mwenye aliteseka miaka mingi na karatasi zake kulala katika meza za wakubwa alikufa na karatasi ya kijana katika meza yake.

Kitabu cha joto kilitembea mbali kuliko mwenyewe alifikiri. Mwaka 1840 William Thomson, kijana wa Glasgow mwenye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alikisoma. Miaka 14 nyuma ya hapo aliona kama alama ya umeme ndani ya waya mrefu wa telegrafu chini ya bahari inatembea sawasawa na joto ndani ya nondo: inasambaa, inachelewa, na waya ukiwa mrefu mara mbili, kuchelewa kunakuwa mara nne. Waya wa kwanza kati ya Ulaya na Amerika, mwaka 1858, ulikufa nyuma ya wiki tatu hivi, ukiwa umelazimishwa kwa umeme wa nguvu kupita kiasi. Ule wa 1866, na vyombo vyembamba vya Thomson, ulidumu.

Redio nayo ni mtoto wa hesabu hiyo. Antena moja inapokea vituo vyote kwa mara moja, vimechanganyika; chombo kinaachia masafa moja yapite na kufunga mengine. Tangu 1965, Wamarekani Cooley na Tukey walipotoa njia ya haraka ya kufanya mgawanyo wa Fourier ndani ya kompyuta, kazi hiyo inafanyika mara nyingi sana kwa sekunde ndani ya simu ya mfukoni. Sauti ya muziki inabanwa hivyo. Na wenye kuchunguza volkano wanagawa mitetemeko ya ardhi kwa mawimbi yake, ili watenganishe kupasuka kwa jiwe na mwendo wa magma. Ni kazi ya kawaida ya sayansi ile, na Goma, chini ya Nyiragongo, watu wanajua uzito wake.

Jina la Fourier limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel pamoja na wataalamu wengine 71. Sanamu yake ya shaba kule Auxerre iliyeyushwa wakati wa vita vya pili vya dunia, kwa kuchukua chuma. Ama maandishi ya 1807, yale yenye Lagrange na wenzake hawakuyapitisha, yalibaki katika maktaba ya Paris, na yalichapishwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 1972.